Anzeni na mlezi, bembea zifuate: barua ya wazi kwa madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za miji

Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Wakurugenzi,

Salaam. Tunaowaandikia ni watu tunaosanifu, kujenga na kukarabati viwanja vya watoto, na tunawaandikia kabla kamati zenu hazijaketi kupitisha bajeti ya mwaka wa fedha ujao. Ombi letu ni moja: fedha ya kumlipa mlezi, yaani mtu mzima wa kukaa kiwanjani na watoto, itengwe kwanza, fedha ya vyuma ije baadaye. Mazoea yetu ni kinyume chake. Bembea zinanunuliwa, utepe unakatwa, halafu baada ya masika mawili zinabaki nguzo tupu na magari yameegeshwa katikati yake.

Turuhusuni tuanzie mbali kidogo, Boston, kwa kuwa habari ya viwanja hivi huwa inasimuliwa nusu.

Mwaka 1885 Dk. Marie Zakrzewska, daktari mzaliwa wa Berlin aliyekuwa amefungua hospitali ya wanawake na watoto huko Boston, alikwenda kuitembelea Berlin. Katika bustani za umma akakuta malundo ya mchanga ambamo watoto wa matajiri na wa maskini walichimba na kucheza kama wako ufukweni. Akawaandikia barua wenzake wa chama cha afya cha Massachusetts. Mwaka uleule lundo la mchanga likamwagwa kwenye ua wa kanisa dogo la mtaa wa Parmenter, katika North End, sehemu ya wahamiaji iliyosongamana nyumba kwa nyumba. Wastani wa watoto 15 walikuja siku tatu kwa wiki, kwa wiki sita za Julai na Agosti. Walikuwa na sepetu ndogo za mbao. Walichimba, waliimba, walitembea kwa mstari kama gwaride.

Wengi huishia hapo: mchanga, sepetu, furaha. Nusu ya pili ni hii. Kule Berlin malundo yale yalikuwa chini ya uangalizi wa polisi wa jiji, na Boston palikuwapo mama wa mtaani aliyekaa na watoto. Viwanja vilipoongezeka, mwaka 1887, wakaajiriwa walezi wa kulipwa. Bembea zilikuwa bado, wala uzio wa fahari haukuwapo, lakini malipo ya mlezi yalikuwapo. Miaka michache baadaye wakawa wanachukua walezi waliosomea malezi ya chekechea, na kufikia mwaka 1899 halmashauri ya jiji nayo ikawa inatoa fedha. Tazameni mfuatano ule, Waheshimiwa: mtu, mchanga, mafunzo, ndipo fungu la serikali. Sisi tunaanza na mnada wa vyuma.

New York walifika hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1895 ilitungwa sheria kwamba shule mpya isijengwe bila uwanja wa kuchezea. Mwaka 1898 Lillian Wald, muuguzi, na Charles Stover wakaanzisha umoja wa kufungua viwanja katika maeneo matupu ya mitaa iliyofurika watu, ili jiji lione kwa macho kinachowezekana. Mwaka 1902 jiji likavipokea viwanja vyao, na Oktoba 1903 likafungua Seward Park, kiwanja cha kwanza cha kudumu cha watoto kujengwa na serikali ya mji nchini Marekani. Ndani mlikuwa na uzio, sakafu ya majivu ya makaa ili maji yasituame, vifaa vya mazoezi na jengo lenye mabafu. Mabafu yanaweza kuonekana anasa. Lakini familia za mtaa ule ziliishi katika vyumba visivyo na pa kuogea, na waliojenga walijua ni nani atakayekuja.

Mwaka 1905 upande wa kusini wa Chicago zikafunguliwa bustani ndogo kumi, zenye nyumba ya jamii, ukumbi na sehemu ya watoto wadogo iliyotengwa na ya wakubwa. Mwaka uliofuata watu wa miji mbalimbali wakakutana Washington kuunda chama cha viwanja cha taifa, na rais wake wa kwanza akawa Dk. Luther Gulick, yuleyule ambaye mwaka 1891 alimtuma mwalimu James Naismith kubuni mchezo wa ndani kwa majira ya baridi, ukazaliwa mpira wa kikapu. Miongoni mwa mambo ambayo chama kile kilihangaikia mapema ni mtaala wa kuwafundisha walezi wa viwanja, uliokuwa tayari mwaka 1909. Walishajifunza kwamba kiwanja kisicho na mlezi huchukuliwa na mwenye nguvu.

Jambo hilo mnaliona kila siku mitaani kwetu. Kiwanja kikifunguliwa wazi, wiki ya kwanza wote wanacheza. Wiki ya tatu vijana wa chandimu wameweka mawe ya goli katikati, wasichana wa rede wamesukumwa ukutani, na watoto wa miaka minne wanachungulia kutoka barazani kwa sababu mpira ukiwapiga wanaanguka. Hakuna mwenye nia mbaya. Mpira unahitaji nafasi, na mkubwa ana mbio. Mwezi wa tatu mtu mmoja analeta meza ya chipsi, mwingine anaegesha bajaji, na fundi wa fremu za madirisha anaona kivuli kizuri cha kufanyia kazi.

Kwa hiyo huyu mlezi ni nani? Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 tunapendekeza wawili, mmoja wao lazima awe mwanamke, wote wakazi wa mtaa au mtaa jirani, walipwe posho ya kila mwezi kutoka mapato ya ndani. Msiwategemee wa kujitolea peke yao. Wa kujitolea huja kwa moyo, lakini siku ya kibarua inapotokea anakwenda kutafuta unga, na ana haki. Saa za kazi zifuate ratiba ya watoto: siku za shule saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, Jumamosi na Jumapili tangu saa 3 asubuhi kwa kupokezana. Wapitishwe na serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liwajue kwa majina. Kibanda cha vifaa kiwe na dirisha pana linalotazama kiwanja na mlango usiofungwa mtoto akiwa ndani. Mlezi na mtoto mmoja wasibaki peke yao humo, hata kwa dakika moja. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa kiwanja kikivunjiwa imani na wazazi mara moja hakifufuki.

Vifaa vya mlezi vinaingia kwenye sanduku moja: mipira minne namba 4, kamba sita za kuruka zenye urefu wa mita 5 ili wawili wazungushe na mmoja aruke, mipira sita ya soksi iliyojazwa matambara kwa ajili ya rede, mbao mbili za bao pamoja na kete zake, chaki, pampu ya mpira na sindano zake tatu (maana moja hukatika), sanduku la huduma ya kwanza, sepetu, reki na daftari. Mtoto anayeazima anaandikwa jina, akirudisha jina linakatwa. Mpira wa soksi ukifumuka, mlezi anawaketisha watoto wakaushone upya. Kufanya hivyo nako ni mchezo. Kombolela, mdako, ukuti ukuti, foliti: hii yote watoto wetu wanayo tayari bila mtu kuwanunulia. Wanachokosa ni mahali, na mtu mzima wa kusema “sasa zamu ya hawa”. Tungependa ratiba iandikwe ukutani kwamba siku mbili kila wiki eneo la mpira linaanza na wasichana.

Sasa tuje kwenye mchanga na vyuma, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa makosa yanayoepukika.

Kabla ya kuchora chochote, chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 50, mkamwage ndoo mbili za lita 20 jioni. Asubuhi mkikuta maji yamesimama, ardhi hiyo haifai shimo la mchanga mpaka uwekwe mfereji. Ni jaribio lisilo na gharama, lakini likirukwa, shimo la mchanga linageuka kidimbwi cha mbu masika ya kwanza.

Shimo la mchanga la mita 4 kwa 5 linatosha watoto wadogo 15 hadi 20. Kina ni sentimita 50: chini sentimita 10 za kokoto, juu yake kitambaa cha kuchujia maji, kisha sentimita 40 za mchanga. Hesabu yake ni meta za ujazo 2 za kokoto na 8 za mchanga, ila agizeni mchanga 10, maana unashuka ukishakanyagwa. Uwe mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula chuma jirani, na vumbi la kiwanda cha kokoto hugandamana kama sakafu likinyeshewa. Ukingo wa zege uwe na upana wa sentimita 40 na urefu wa 30. Upana huo una maana: mama anakaa, mtoto anapanga “maandazi” yake ya mchanga juu yake, na mpaka kati ya mchanga na udongo unaonekana. Kila jioni lifunikwe kwa turubai au wavu mzito, maana paka na mbwa hufanya mchanga kuwa choo, na minyoo yao humwingia mtoto kupitia mkononi na hata kwenye ngozi ya mguu. Kila asubuhi mchanga upigwe reki hadi kina cha kiganja kutafuta vioo, misumari na sindano. Mara moja kwa mwaka sentimita 15 za juu ziondolewe na kuwekwa mpya.

Bembea ndizo kila mtu anazitaka, na ndizo zinazovunja mikono. Boriti ikiwa na urefu wa mita 2.4 kutoka ardhini, acheni mita 4.8 mbele na mita 4.8 nyuma bila kitu chochote: ukuta, mti, benchi wala njia ya kupita. Kanuni ni kuzidisha mara mbili urefu wa pale mnyororo unaponing’inia. Fremu moja ibebe viti viwili tu. Cha tatu kikiongezwa, mtoto wa katikati hana pa kushukia isipokuwa kwenye njia ya mwenzake. Kati ya kiti na kiti ziwe sentimita 60, kati ya kiti na nguzo sentimita 75. Kiti kiwe cha mpira laini. Ubao au chuma kinachorudi kwa kasi hupasua paji la uso la mtoto anayepita. Vipande vya tairi la gari ni vizuri iwapo havina waya ndani, kwa hiyo pitisheni kiganja chenye glavu kando zote kabla ya kukining’iniza.

Chini ya bembea panahitaji sentimita 30 za mchanga uliolegea. Hapa kuna jambo ambalo mchoro hauonyeshi. Miguu ya watoto inachimba shimo hasa pale chini ya kiti, na mchanga unakimbilia pembeni. Katika siku chache unabaki udongo mgumu mahali penye hatari kuliko pote, huku kwa mbali kiwanja kinaonekana kimejaa mchanga. Mtu asipoingia kila alasiri na sepetu kurudisha mchanga ule, zile sentimita 30 mlizozilipia hazipo. Ni kazi ya dakika tano, lakini ni kazi ya mtu.

Nguzo huoza pale zinapoingia kwenye zege, kwa sababu maji hutuama hapo. Msingi uwe wa sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 70, na uso wa zege uwe na mteremko kidogo ili maji yakimbie, uwe pia sentimita 20 chini ya ardhi mtoto asije akaangukia kona yake. Pakeni lami kwenye bomba sentimita 15 juu na 15 chini ya mstari huo. Kagueni kwa nyundo ndogo kila mwezi: bomba zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kifuu. Ndoano za umbo la S zinazoshika mnyororo hufunguka taratibu kwa uzito. Zikiachia nafasi ya sarafu kupita, zibadilishwe siku hiyohiyo. Tunashauri viungo vya bolti vyenye nati iliyopigwa nundu ya kulehemu, maana mnyororo unauzika kwenye chuma chakavu na usiku ni mrefu.

Nafasi yoyote kati ya vyuma au mbao iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya vipimo hivyo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Mafundi wengi wa geti hawajaambiwa hili, ndiyo maana tunaomba liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi, na mkaguzi aende na rula.

Bati la kuteleza lielekee mashariki. Asubuhi, jua linapolipiga, watoto wako shuleni. Alasiri jua liko nyuma yake na bati limeshapoa kidogo. Lililoelekea magharibi bila kivuli hubabua mapaja saa 9. Dawa bora ni mti. Mkungu una matawi yaliyotandaa na kivuli kipana, mwarobaini hustahimili ukame. Mwembe ni mzuri, ila msimu wa maembe mawe huruka hewani, basi uwe mbali na wadogo. Uzio wa minyaa msiuweke kabisa. Ni rahisi na unaota haraka, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtoto, na hakuna mtoto asiyevunja kijiti.

Kuhusu ardhi tutasema machache kwa kuwa wenyewe mnayajua. Eneo la wazi ambalo halina bikoni za mpaka, halina hati na halionekani kwenye ramani ya mipango miji iliyobandikwa ofisi ya mtaa litajengwa. Pimeni kwanza, wekeni bikoni za zege, pandeni miti mpakani mwaka huohuo. Na msisubiri eneo kubwa. Amsterdam, baada ya vita, mpangaji wa mji Jakoba Mulder na msanifu kijana Aldo van Eyck walianza mwaka 1947 na kiwanja kimoja kidogo cha Bertelmanplein, chenye shimo la mchanga la ukingo mpana wa zege, vyuma vya watoto kujipindulia na mabenchi. Wakaazi wa mitaa mingine wakaandika kuomba chao. Hadi mwaka 1978 vilikuwa zaidi ya 700, vingi katika vipande vya ardhi vilivyobaki kati ya nyumba na nyumba. Mtoto wa miaka mitano hawezi kupanda daladala kwenda kucheza. Kiwanja chake kinatakiwa kiwe ndani ya mita 400 kutoka mlangoni, bila kuvuka barabara ya lami yenye magari mengi.

Hatusemi vituo vikubwa havina kazi. Kituo cha michezo cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2015, kinawapa vijana viwanja wasivyoweza kuvipata mtaani, na zamani za miaka ya 1950 ukumbi wa Arnautoglu ulikuwa nyumba ya jamii hapohapo karibu, Mnazi Mmoja. Vijana wa miaka 15 wanaweza kusafiri. Wadogo zao hawawezi. Na kwa wanaoamini kwamba vijana wa mitaa ya mabanda hawawezi kutunza kitu, watazame Mathare, Nairobi: tangu mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana cha huko, MYSA, kimefunga ligi na usafi pamoja, timu inayozoa taka mtaani inapata pointi katika jedwali la ligi. Vijana wenyewe ndio waamuzi, makocha na waratibu. Mpangilio ule ungeweza kuigwa na kata yoyote yenye afisa michezo.

Jambo la mwisho ni kiingilio. Baadhi ya miji imeanza kukodisha maeneo ya watoto kwa wanaotoza mlangoni. Tunaelewa shinikizo la mapato. Lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, na mama mwenye watoto watatu akidaiwa kiingilio cha wote kila Jumamosi, watacheza barabarani. Vilevile zuieni turubai za harusi na jukwaa za matamasha juu ya eneo la watoto. Usiku mmoja wa viti na magari ya spika hugandamiza mchanga na kuacha vizibo vya chupa ambavyo reki itavitafuta mwezi mzima.

Tunachoomba kwenye kikao chenu cha bajeti ni hiki. Kila halmashauri ichague kata tatu kwa mwaka wa kwanza. Katika kila moja, afisa mipango miji athibitishe mipaka na afisa maendeleo ya jamii akae na wazazi kuwapendekeza walezi wawili. Fungu la posho zao liandikwe kwa miaka mitatu mfululizo, likiwa kifungu peke yake kisichohamishwa. Walezi waanze kazi miezi mitatu kabla ya bembea, wakiwa na sanduku lao, kivuli cha mti na shimo moja la mchanga. Katika miezi hiyo daftari lao litawaonyesha ni watoto wangapi wanakuja, wa umri gani, saa ngapi, na wanacheza nini. Baada ya hapo ndipo mtoe zabuni ya vyuma, mkijua idadi na mahali pa kuvisimika. Michoro ya shimo la mchanga na fremu ya bembea kwa vipimo tulivyovitaja tuko tayari kuwachorea bila malipo, na tuko tayari kukaa siku mbili na mafundi wenu wa kulehemu kabla hawajakata bomba la kwanza.

Wenu katika ujenzi wa miji,

Wasanifu, mafundi na walezi wa viwanja vya watoto